Mwenzako akianguka ndani ya tangi, usishuke

Naanza na hili kabla ya mambo ya mita za kupimia hewa na mikanda ya kuvutia mtu maanake ndilo linalomaliza watu: mwenzako akianguka ndani ya tangi, kisima, septiki au chemba, usishuke kumfuata. Najua ni ngumu. Pengine ni ndugu yako wa damu, mmetoka nyumba moja asubuhi, unamwona pale chini amelala na ngazi ni ya hatua chache tu, na moyo unakwambia nishuke mara moja nimshike mkono nimtoe. Lakini kile kilichomwangusha bado kiko pale pale, na kitakuangusha na wewe kwa haraka ile ile. Kule Marekani taasisi yao ya usalama kazini, NIOSH, ilitoa waraka mwaka 1986 ikasema zaidi ya asilimia 60 ya wanaokufa sehemu kama hizi ni wale walioingia kuokoa. Zaidi ya nusu! Watu ambao hawakuwa na kazi yoyote mle ndani, walikwenda kwa huruma tu. Na hata habari za visima na vyoo tunazozisikia hapa kwetu huwa ziko hivyo hivyo, fundi kashuka, ndugu yake kamfuata, jirani naye kaingia, na msiba unakuwa wa nyumba tatu.

Mimi ni welda, nimechomelea matangi na mabaji, zile meli bapa za mizigo, hapa Mombasa miaka mingi, na siku hizi niko upande wa sefti, yaani nasimama juu ya tundu na mita mkononi na mimi ndiye nasema mtu aingie au asiingie. Nimeandika haya kwa vijana wanaochukua vibarua vya kuingia sehemu hizi bila mtu yeyote kuwaeleza kitu, wanapewa tochi na ndoo wanaambiwa shuka.

Sasa sikiza. Hewa hii tunayovuta barazani ina oksijeni asilimia 20.9. Ikishuka chini ya 19.5 huingii bila mtungi wa kupumulia, basi, hakuna mjadala. Ikifika 16 hivi akili inaanza kuvurugika, mikono haifuati unachotaka, na ubaya wake ni kwamba wewe mwenyewe unajiona uko sawa kabisa. Kwenye 10 unazimia. Kwenye 6 kushuka chini ni pumzi chache tu unaenda. Na usidhani utahisi kifua kinabana halafu upate muda wa kupanda ngazi, la, ile hali ya kubanwa pumzi inaletwa na kaboni dayoksaidi kujaa mwilini, lakini oksijeni ikipungua peke yake mwili haupigi kelele hivyo, miguu inaisha nguvu ghafla na umelala.

Kuna baji moja tulikuwa tunaikarabati, ilikuwa na tangi tupu la ubavuni, lile la kuisaidia kuelea tu, halijawahi kubeba mafuta wala uchafu wowote. Lilikuwa limefungwa muda mrefu. Tukafungua zile bolti, tukatoa kifuniko, ndani kukavu, kusafi, harufu hamna hata chembe, ni kutu nyekundu tu ukutani. Kijana mmoja welda alikuwa ashavua shati kwa lile joto, tochi mkononi, mguu mmoja uko ndani. Akaniambia, "Mzee, hapa hamna kitu, tangi kavu hili." Nikamwambia, "Toa mguu kwanza mdogo wangu, tupime." Nikashusha mpira wa mita. Pale mdomoni ikasoma 20.9. Nikaushusha futi tatu hivi, nikangoja, maanake hewa inachukua muda kupanda kwenye ule mpira na watu wengi hawangoji, ikasoma 18 na mita ikaanza kulia. Katikati 13. Kule chini ikatua kwenye 7 na pointi. Yule kijana akaitazama ile skrini, akavaa shati lake taratibu akaenda kukaa mbali, hakusema neno.

Kilichokula ile oksijeni ni kutu. Chuma kikishika kutu kinavuta oksijeni, na tangi likiwa limefungwa hakuna nyingine ya kuingia, kwa hivyo tangi kavu, tupu, lisilo na harufu laweza kukuua vizuri tu kama la choo. Ndio maana sikubali hata siku moja mtu aniambie "hili ni safi" kwa kuangalia kwa macho.

Kupima kwenyewe lazima kuwe juu, katikati na chini kabisa, kwa sababu gesi hazikai pamoja. Mvuke wa petroli na ile gesi ya choo, haidrojeni salfaidi, ni nzito kuliko hewa, hukaa chini. Methani ni nyepesi, hupanda. Mita ya kawaida ni ile ya gesi nne: oksijeni, gesi za kuwaka, kaboni monoksaidi na haidrojeni salfaidi. Iwashe kwanza nje kwenye hewa safi uone inasoma sawa, halafu soma oksijeni kabla ya zingine, maanake mita nyingi hazisomi sawasawa gesi ya kuwaka kama oksijeni ni kidogo. Gesi ya kuwaka ikisoma asilimia 10 ya kiwango cha chini cha kulipuka, yaani kile kiasi kidogo kabisa cha gesi hewani kinachoweza kulipuka, toeni watu. Na mkishamaliza kupima msiiweke mita kwenye begi, mtu anashuka nayo kifuani, maanake hewa ya saa mbili asubuhi siyo ya saa sita.

Mshumaa je? Nauliza kwa sababu najua mafundi wa visima wengi wanashusha mshumaa au gazeti linalowaka, wakiona haujazimika wanasema hewa iko. Jamani mshumaa huzimika oksijeni ikiwa 16 hivi, kwa hivyo unaweza kuwaka vizuri wakati wewe tayari hufai kuwa mle ndani. Halafu haukuonyeshi kaboni monoksaidi, haukuonyeshi gesi ya choo, zote hizo ziko na mshumaa unawaka tu. Na kama kuna methani kati ya asilimia 5 na 15 basi huo mshumaa wako ndio kiberiti. Acheni kabisa.

Kwenye visima kuna kifo kingine kinaletwa na pampu ya petroli. Pampu ya kuvuta kutoka juu haiwezi kuvuta maji zaidi ya mita 7 au 8 hivi kwenda chini, sasa kisima kikiwa kirefu fundi anaona dawa ni kuishusha pampu na injini yake ndani ya kisima, aikalishe kwenye jiwe karibu na maji. Injini inatoa kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, inajaa mle. Fundi akishuka kuangalia mbona maji yamekatika harudi. Kama kisima ni kirefu tafuteni pampu ya umeme ya kuzamisha, ya kukodi zipo, injini yoyote ya petroli au dizeli ibaki juu na mbali na mdomo.

Septiki nazo. Sehemu kubwa ya mji wetu haina laini ya maji taka, karibu kila ploti ina shimo lake, kwa hivyo hii kazi haiishi. Ile harufu ya yai bovu watu wanaichukulia ndio kipimo, ikipungua wanasema gesi imetoka. Ni hatari sana hiyo. Gesi ikifika kama sehemu 100 kwa milioni inaua pua yako ndani ya dakika chache, husikii tena harufu na gesi iko pale pale au imeongezeka, na ikipita 500 mtu anaanguka haraka mno. Na wakati mbaya zaidi ni pale unapokoroga ule uchafu wa chini au kubomoa kile kiukuta cha katikati, gesi iliyolala kwenye matope inatoka yote kwa mpigo. Kwa hivyo hata eksosta, lile lori la kunyonya maji taka, ikishavuta tangi likaonekana tupu bado hujamaliza, yale matope yaliyobaki sakafuni yanatosha. Barakoa ya vumbi au kitambaa chenye maji mdomoni havisaidii chochote hapa. Hata ile maski ya filta haikuletei oksijeni, inachuja tu hewa iliyopo, na kama hewa yenyewe haina kitu unachuja nini?

Wale wa bandarini, vibarua wa holdi, yaani lile tumbo la meli la kuwekea mizigo, yenu ni tofauti kidogo. Ngano inaweza kuja imepigwa dawa ya wadudu, ile gesi ya sumu ya fosfini, na makaa ya mawe, magogo na vyuma chakavu vyote vinakula oksijeni. Tena si holdi peke yake, kile chumba kidogo cha ngazi kinachoshuka kwenda holdi ndicho kinakamata watu, unaona kimlango tu unaingia. Sasa juweni haki yenu hapa: tangu tarehe 1 Januari 2015 mabaharia wanatakiwa na SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama baharini, wafanye mazoezi ya kuingia na kuokoa kwenye sehemu zilizofungwa kila miezi miwili, na tangu 1 Julai 2016 meli inatakiwa iwe na mita ya kupimia hewa humo humo melini. Kwa hivyo mkipanda mwambieni fomeni wenu amuombe chifu ofisa wa meli apime mbele yenu. Mita iko, si kwamba mnaomba kitu cha ajabu.

Kupuliza hewa: bloa, ile feni ya kusukuma hewa safi ndani, ndio rafiki yako, lakini mpira wake ufike chini kabisa, ukiuacha mdomoni unapuliza hewa ya juu tu inazunguka inatoka. Na angalia upepo. Wakati wa kusi jenereta ikae upande wa kaskazini wa tundu, wakati wa kaskazi ihamishe upande wa pili, ili moshi wake usivutwe na bloa ukaingizwa kwa mtu wako. Nimekuta bloa imewekwa bega kwa bega na jenereta, mtu ndani analalamika kichwa kinamuuma wanamwambia ni joto.

Halafu nyie mawelda wenzangu, na hili nasema kwa uchungu kwa sababu naliona kila mara: msifungulie oksijeni ya mtungi ndani ya tangi ati kupoza au kuongeza hewa. Oksijeni ikipita asilimia 23.5 nguo yako inashika moto kwa cheche ndogo tu na haizimiki kwa kupigapiga. Mitungi yote ikae nje, na mkienda kula toeni na mipira ya gesi, msiiache ndani imefungwa kwa koki tu, maanake inavuja polepole na mkirudi mnawasha.

Nirudi kwa mtu wa juu, ndiye muhimu kuliko wote. Kazi yake ni moja, kukaa pale. Haendi dukani, hachukui spana, hajibu simu ya mwenye nyumba. Anaongea na aliye ndani kila baada ya dakika chache, na akisikia majibu yanakuwa ya kuchelewa au maneno yanateleza, anamtoa hapo hapo, hangoji aanguke. Na kumtoa lazima kuwe kumepangwa kabla hajashuka. Kamba ya kiunoni haifai, mtu aliyezimia ukimvuta kiunoni anajikunja anakwama kwenye tundu. Avae mkanda wa mwili mzima wenye pete ya juu mgongoni, kamba iwe imefungwa tangu mwanzo, na juu kuwe na miguu mitatu ya chuma na winchi, au angalau kapi imara. Watu wawili kwa mikono mitupu hawamvuti mtu mzima aliyelegea moja kwa moja juu, jaribuni na gunia la simenti mtaona, na hilo ni kilo 50 tu. Ubongo unaanza kuharibika ndani ya dakika nne hivi bila oksijeni, kwa hivyo kapi ya kwenda kutafutwa si kapi.

Ikitokea ameanguka na hana kamba, fungulia bloa yote, piga 999 au 112, itisha zimamoto wenye mitungi ya kupumulia, na uwazuie wengine wasiingie hata kwa nguvu.

Kuna wataosema mimi ni kibarua tu, nikikataa ataitwa mwingine. Najua, na njaa ni njaa. Lakini Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inasema mfanyakazi aripoti hatari kubwa anayoiona, na mwenye kazi haruhusiwi kumrudisha pale mpaka hatari irekebishwe. Ukisema, semeni wote pamoja, na semeni kabla ya kupanda gari asubuhi, si mkiwa mshafika mdomoni mwa tundu na fomeni anaangalia saa. Na wewe unayechukua kandarasi, kodi ya mita na bloa iweke kwenye bei tangu mwanzo kama unavyoweka simenti. Mwenye nyumba akikwambia mwingine amesema bei ya chini, mwache aende na huyo.

Na wewe mwenye nyumba, fundi wa septiki akija kwako muulize mita iko wapi, na umwone akiiwasha. Kama hana, mwambie kazi ifanywe kutoka juu, eksosta ivute na iliyoziba izibuliwe kwa fimbo ndefu, na asishuke mtu.