Muulize Babu wa Reli: Krismasi kwa treni ya haraka

Kila Desemba ikikaribia, maswali ya safari huzidi mengine yote. Safari hii karibu wote mnaulizia treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma, hasa ile ya haraka. Mimi nilihudumia mabehewa ya reli ya kati enzi za injini za dizeli. Hii ya sasa naipanda kama abiria, ila jicho la mhudumu halijaniacha.

Shikamoo Babu. Nina watoto watatu: wa kwanza ana miaka 13, wa pili 7, wa mwisho 2. Tunaishi Mbagala na Krismasi tunakwenda kwa bibi yao Singida. Mwaka jana tulipanda basi, tukafika usiku wa manane watoto wakilia. Mwaka huu nataka tupande treni hadi Dodoma, halafu basi. Mume wangu anasema huko kupanda na kushuka ni usumbufu mtupu. Babu, nani mkweli?
*Mama Watatu, Mbagala*

Marahaba mwanangu. Mumeo hajakosea, ila usumbufu anaousema hauko ndani ya treni. Uko Dodoma.

Treni yenyewe ni mwendo wa saa tatu na nusu hivi, au nne. Desemba, saa nne ndani ya basi zinaweza kukukuta hata Morogoro hujaiona, maana foleni ya kutoka Kibaha hadi Chalinze mnaijua wenyewe. Kwa hiyo kipande hicho umeshinda. Sasa fikiria ukishashuka. Stesheni ya Dodoma na stendi kuu ya mabasi ya Nanenane haziko sehemu moja, na siku hiyo mtashuka mamia ya watu mnaogombea bajaji na teksi zile zile. Na kuna jambo wageni wengi hawalijui: mabasi ya Singida na Mwanza yanayotoka Dar, wiki ya Krismasi huingia Dodoma yakiwa yameshajaa. Konda atakwambia "ingia mama, nafasi ipo", nafasi yenyewe ni ndoo iliyogeuzwa katikati ya viti. Usikubali kusimama na mtoto wa miaka miwili kilometa 240.

Dawa yake ni kukata tiketi ya basi linaloanzia Dodoma, na uikate siku ile ile unayokata ya treni. Kati ya treni kufika na basi kuondoka acha saa mbili na nusu. Panda treni ya asubuhi, ili hata mambo yakiharibika yaharibike mchana.

Nauli: kwa viwango vilivyotangazwa mwaka 2024 na LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, treni ya kawaida Dar hadi Dodoma ni shilingi 31,000 kwa mtu mzima. Mtoto wa miaka 4 hadi 12 hulipa nusu, wa chini ya miaka 4 halipi. Maana yake wewe na watoto, bila mumeo, ni wawili kamili (huyo wa 13 ni mtu mzima, hata akikataa kuosha vyombo) na mmoja nusu: 77,500. Ya haraka iko juu ya hapo, na vituo vyake njiani ni vichache, kwa hiyo angalia bei ya siku husika kabla hujalipa. Chukua vyeti vya kuzaliwa vya watoto na kitambulisho chako. Huyo wa miaka 7 akiwa na mwili mkubwa kama wajukuu zangu, getini utaulizwa.

Sasa mizigo. Nimeshuhudia getini mama mmoja na kiroba cha mchele kichwani, mtoto mgongoni, simu yenye tiketi iko ndani ya kiroba. Nyuma yake watu arobaini wananung'unika. Stesheni si stendi: kila begi linapita kwenye mashine ya ukaguzi, na hakuna mpiga debe wa kumwambia dereva asubiri abiria mmoja. Saa ikifika milango inafungwa, hata kama unaonekana unakimbia. Kutoka Mbagala mnashuka Gerezani na stesheni iko jirani, lakini fikeni saa mbili kabla. Beba mabegi yenye mpini, moja kwa kila mwenye mikono. Mchele upo Singida. Karatasi yenye namba yako ya simu itie mfukoni mwa kila mtoto, kwani pale kwenye jukwaa watu wakianza kutafuta mabehewa yao, mkono huponyoka.

Babu, kila nikiingia mtandaoni tarehe 23 imejaa. Kuna kijana ana tiketi moja, jina si langu, ila anasema getini hawaangalii. Anataka niongeze elfu ishirini. Nichukue?
*Fundi, Tabata*

Usichukue. Tiketi ina jina, na jina linakwenda na kitambulisho. Ukirudishwa getini tarehe 23, huyo kijana simu yake itakuwa imezimwa, na mabasi yamejaa. Umepoteza vyote viwili.

Fanya hivi. Wako watu wanaoshika nafasi wakitegemea bonasi. Bonasi isipoingia hawalipi, na nafasi isiyolipiwa hurudi. Chungulia usiku sana na alfajiri. Ukipata namba ya malipo, lipa hapo hapo, usiseme "nitalipa nikifika nyumbani". Pili, acha kung'ang'ania ya haraka. Ya kawaida inasimamasimama, ndiyo, lakini ni reli ile ile, na bado utafika mchana wenzako wa barabarani wakiwa hata hawajala. Tatu, kwani lazima 23? Kwa maoni yangu tarehe 21 ni siku bora kuliko zote za kusafiri mwezi huo, na mkubwa wako wa kazi ukimwomba mapema hawezi kukataa siku mbili. Tiketi ya kurudi kata pamoja na ya kwenda. Watu huhangaika na Krismasi wakasahau kwamba tarehe 2 na 3 Januari nchi nzima inarudi Dar.

Na ukisoma muda, kuwa makini: 06:00 ni saa kumi na mbili alfajiri. Kuna wazee wenzangu wamefika saa sita mchana wamevaa suti.

Nikae upande gani nione mandhari? Ni mara yangu ya kwanza.
*Mwanafunzi, Kigamboni*

Ukielekea Dodoma, milima ya Uluguru iko kushoto. Ukipita Morogoro, weka simu chini: Mkata ni mbuga tambarare, halafu Kilosa milima inakusogelea, unaingia kwenye mahandaki, masikio yanaziba kidogo, unatoka kwenye mwanga mara unazama tena. Pale Wajerumani waliipitisha reli ya zamani wakifuata bonde la mto, na mafuriko yakaisumbua miaka nenda rudi. Mimi mwenyewe nimewahi kulala Kilosa na abiria tukisubiri maji yapungue. Hii mpya imepanda juu na kutoboa milima. Ukipanda ya jioni, lakini, utakachokiona kwenye kioo ni uso wako mwenyewe.

Treni inakwenda kilometa 160 kwa saa kwa umeme. Umeme ukikatika katikati ya pori?
*Mwenye Hofu, Kibaha*

Inapunguza mwendo na kusimama, basi. Haipinduki kwa kukosa umeme. Imewahi kutokea: mwaka 2024, muda mfupi baada ya safari za Dodoma kuanza, Shirika la Reli lilieleza kwamba nyani na bundi walichangia hitilafu ya umeme. Watu walicheka wiki nzima. Mimi sikushangaa, kwani reli ikipita porini, wenye pori nao watapanda nguzo. Beba maji, biskuti za watoto na chaji ya akiba ya simu. Kama unatumia dawa za kila siku, zikae kwenye begi la mkononi. Treni ikisimama usifungue mlango wala usishuke. Nje kuna nyaya na giza.

Babu, narudi Dar baada ya Mwaka Mpya na kuku wawili wa Singida, zawadi ya mama mkwe. Nitaruhusiwa kupanda nao?
*Mkwe Mwema, Ubungo*

Wakiwa hai, hapana, na usijaribu kuwaficha kwenye begi. Kuku hajui kunyamaza mbele ya askari. Treni yangu ya zamani ilikuwa na kuku kuliko abiria, na asubuhi ya Dodoma jogoo ndiye aliyetutangazia kituo, lakini hayo yamepita. Uliza kwanza stesheni kama nyama inaruhusiwa; wakikubali, wachinje kwa mama mkwe, wasafishwe, wagande usiku mzima kwenye friza, uwafunge kwa gazeti na mifuko miwili isiyovuja. Damu ikidondoka kwenye mashine ya ukaguzi, utaelezea hadi treni iondoke. Kama mama mkwe anataka lazima wafike wakiwa hai, wapandishe basi la usiku, wewe panda treni, ukawapokee Mbezi.