"Usikubali kushindwa vita hii": kwa nini wagonjwa wa saratani wanaipinga?

SWALI: Naandaa kipeperushi cha wodi ya saratani. Niliandika, "Usikubali kushindwa vita hii." Muuguzi mkuu ameikata sentensi hiyo, anasema inawaumiza wagonjwa. Kwani si sitiari ya kawaida tu?

JIBU: Ni ya kawaida mno, ndiyo maana kasoro yake hujificha. Ukishasema vita, umeleta adui, askari, mshindi na mshindwa, na gwanda umemvika mgonjwa. Uvimbe ukirudi baada ya kemotherapi (dawa za kuua seli za saratani), sentensi yako inamwambia kwamba alilegea, ilhali ni dawa iliyogoma kufanya kazi. Akikubaliana na daktari kusitisha dripu na kuhamia tiba shufaa, ile ya kupunguza maumivu na kumpa nafuu, anaonekana amesalimu amri. Na kipeperushi hicho husomwa na ndugu zake pia.

Muuguzi angeweza kukupa sababu nyingine. Mwaka 2015 watafiti wa saikolojia David Hauser na Norbert Schwarz walichapisha majaribio yaliyoonyesha kuwa lugha ya uadui kuhusu saratani hupunguza nia ya watu kujizuia na mambo yanayoongeza hatari. Vita ni kushambulia, kujinyima hakumo. Kama kipeperushi chako kina ukurasa wa kinga, hapo sitiari inakupinga wewe mwenyewe.

Hata hivyo, usipige marufuku. Mwanaisimu Elena Semino na wenzake wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, waliochambua maandishi ya wagonjwa, walikuta wapo wanaojiita wapiganaji na wakapata nguvu humo. "Safari", inayosifiwa kama mbadala, nayo huwakera baadhi yao: hawakuomba kusafiri. Kwa hiyo maneno ya mgonjwa mwenyewe yaache yalivyo, ndani ya alama za kunukuu. Wewe taasisi usimchagulie.

Pitia rasimu ukisaka kushinda, kushindwa, kupambana na kusalimu amri, na kila mahali uliza: mtendaji ni nani? "Mgonjwa ameshindwa matibabu" iwe "saratani haikuitikia dawa." "Alishindwa vita na saratani" iwe "alifariki kwa saratani ya shingo ya kizazi." "Pigana, usikate tamaa" haimpi mtu la kufanya, weka "ukipata homa ya nyuzi 38 au zaidi baada ya kemotherapi, njoo hospitali mara moja, hata usiku."

"Askari wa mwili" kwa chembe nyeupe za damu usiliguse. Hapo anayepigana si mgonjwa, na watoto hulielewa upesi.