Zao nukta halipimi kufanana: jua kwanza ni urefu wa nani umo ndani

Mkuu, simama hapo hapo. Usiongeze hata mstari mmoja kwenye hiyo programu kabla hujasoma hili mpaka chini.

Umeuliza mengi: zao nukta (dot product) lina maana gani, kwa nini jibu lake ni namba tupu na si vekta, linatofautianaje na zao mtambuka (cross product), na lina uhusiano gani na matriksi, yaani majedwali ya namba. Maswali mazuri yote, ingawa la matriksi silijibu hapa. Lakini mwishoni, kama mtu anayeaga, ukaandika kwamba umeshaelewa kuwa zao nukta "linapima kufanana", kwa hiyo programu yako ya kutafuta nyaraka itachukua zao nukta la swali na kila waraka, na waraka wenye namba kubwa kuliko zote utakaa juu. Sentensi hiyo ndiyo iliyoniingiza humu. Njia hiyo naijua inakoishia, na siwezi kukaa kimya nikuangalie ukiifuata.

Chukua mfano mdogo kabisa. Mtu anatafuta maneno mawili, "pembe" na "duara". Vekta hapa ni orodha ya namba zinazoonyesha kila neno limo mara ngapi, kwa hiyo vekta ya swali ni (1, 1). Una waraka mfupi unaoeleza pembe ndani ya duara: neno pembe limo mara 4, duara mara 5, kwa hiyo vekta yake ni (4, 5). Una pia buku nene la upimaji wa ardhi, ambamo pembe imetajwa mara 40 na duara mara 2 tu. Vekta yake ni (40, 2). Sasa zidisha kama unavyokusudia, namba ya kwanza kwa ya kwanza, ya pili kwa ya pili, kisha jumlisha:

(1, 1)·(4, 5) = 4 + 5 = 9
(1, 1)·(40, 2) = 40 + 2 = 42

Buku la upimaji limeshinda, tena kwa mbali sana, ilhali duara aliloliulizia mtu halimo kwa maana yoyote ya kueleweka. Sasa gawanya kila jibu kwa urefu wa vekta zote mbili zilizohusika. Urefu unaupata kwa kuzidisha kila namba na yenyewe, kujumlisha, kisha kuchukua kipeuo cha pili. Urefu wa (1, 1) ni kipeuo cha pili cha 2, karibu 1.414. Urefu wa (4, 5) ni kipeuo cha pili cha 41, karibu 6.403. Ukigawanya 9 kwa zao la hizo mbili unapata 0.994. Kwa buku, urefu ni kipeuo cha pili cha 1604, karibu 40.05, na 42 inashuka mpaka 0.742. Hizo ndizo kosaini za pembe iliyo kati ya vekta ya swali na ya kila waraka: kosaini ni 1 vekta zikielekea upande mmoja, na inashuka kadiri zinavyoachana. Waraka mfupi umepishana na swali kwa nyuzi 6 na kidogo tu, buku limepishana nalo kwa nyuzi 42. Mpangilio umegeuka juu chini.

Hapo ni maneno mawili. Wewe utakuwa na maelfu, na nyaraka zako hazitalingana urefu hata kidogo. Kwenye kazi niliyoifanya mimi, mtu angeuliza lolote, majibu ya juu yalikuwa yale yale: mabuku manene yenye kila neno ndani. Na kibaya kuliko vyote, programu haikwami. Haitoi onyo, hailalamiki, inakuletea orodha safi iliyopangwa vizuri kwa namba zinazoshuka. Ukiitazama unasema tatizo liko kwenye data. Tukasafisha maneno upya. Tukabadilisha orodha ya maneno ya kupuuzwa. Tukaongeza nyaraka, na hali ikazidi kuwa mbaya, kwa sababu tulizoongeza zilikuwa ndefu. Watu waliokuwa wakiitumia wakaacha kuiamini, na imani ya mtumiaji ikishaondoka hairudi kwa sababu umerekebisha mstari mmoja wa hesabu.

Aliyenifundisha namlaumu mpaka leo. Alisimama ubaoni akasema, kwa sauti ya mtu mwenye hakika, kwamba zao nukta ni kipimo cha jinsi vekta mbili zinavyofanana. Kisha akachora mishale. Kila mshale aliouchora ulikuwa na urefu ule ule! Akazungusha mmoja: ukiukaribia mwenzake namba inapanda, ukisimama kwa pembe mraba inakuwa sifuri, ukielekea kinyume inakuwa hasi. Tukaona, tukafurahi, tukaandika. Hakuchora hata mara moja mshale mfupi kando ya mrefu, na kama angeuchora, maelezo yake yangeanguka mbele ya darasa zima. Kwa vekta zenye urefu wa 1, alichosema ni kweli kabisa. Hilo sharti ndilo alilolimeza. Nami naona maelezo hayo hayo yakizunguka kila mahali, yanakopiwa kutoka mtu hadi mtu, sharti likiwa limeachwa njiani, na kila siku kuna mwanafunzi anayeyapokea kama ulivyoyapokea wewe. Inaniudhi kwelikweli, kwa sababu jambo lenyewe linaelezeka.

Tulijenge basi. Weka vekta a ilale kama mstari. Vekta b ianzie pale pale ilipoanzia a, ielekee inakotaka. Sasa mulika mwanga unaoushukia mstari wa a kwa pembe mraba. Vekta b itaangusha kivuli juu ya mstari huo. Urefu wa kivuli ni urefu wa b mara kosaini ya pembe iliyo kati yao. Kivuli kikiangukia upande ambao a inaelekea, kihesabu chanya. Kikiangukia nyuma, hasi. Zao nukta ni urefu wa kivuli hicho mara urefu wa a. Hakuna kingine zaidi ya hapo.

Na hapo unaona kwa nini jibu ni namba. Kivuli kimelala juu ya mstari mmoja unaojulikana, kwa hiyo kinachobaki kusemwa ni urefu wake na alama yake. Kihistoria jambo hili lilitokea likiwa limefichwa ndani ya kitu kikubwa zaidi: mwanahisabati William Rowan Hamilton alipobuni kwatenioni, namba zenye sehemu nne, mwaka 1843, zidisho lake la vekta mbili lilitoa sehemu ya namba na sehemu ya vekta kwa mkupuo mmoja, na ile sehemu ya namba ilikuwa zao nukta lenye alama ya kutoa mbele yake. Katika miaka ya 1880 Josiah Willard Gibbs, aliyekuwa akifundisha chuo kikuu cha Yale, alizitenganisha sehemu hizo mbili, kila moja ikawa zao linalojitegemea: ile ya namba ndiyo zao nukta, ile ya vekta ndiyo zao mtambuka.

Swali linalowasumbua wengi, na nadhani nawe linakusumbua ingawa hukulisema waziwazi, ni hili: kivuli na pembe vinahusianaje na kule kuzidisha namba kwa namba kisha kujumlisha? Mbona 4 + 5 hapo juu haikutaja pembe popote? Hapa wengi hukariri. Usikariri, fuata hatua.

Kwanza, vivuli vinajumlishika. Ukitembea kwanza kwa vekta moja kisha ukaendelea kwa nyingine, kivuli cha safari nzima ni kivuli cha kipande cha kwanza jumlisha kivuli cha kipande cha pili. Kwa hiyo vekta b, ambayo ni hatua kadhaa kwenye mhimili wa x na hatua kadhaa kwenye mhimili wa y, kivuli chake juu ya a ni jumla ya vivuli vya hatua hizo. Tunachohitaji ni kujua hatua moja ya x inaangusha kivuli cha ukubwa gani juu ya mstari wa a, na hatua moja ya y vivyo hivyo.

Pili, chukua mshale wa urefu wa 1 kwenye mhimili wa x, na mshale mwingine wa urefu wa 1 unaoelekea inakoelekea a. Urefu ni sawa, pembe kati yao ni ile ile moja. Basi kivuli cha wa kwanza juu ya wa pili ni sawa na kivuli cha wa pili juu ya wa kwanza. Na kivuli cha mshale wa a juu ya mhimili wa x unakijua tayari: ni namba ya x ya vekta a, ikigawanywa kwa urefu wa a. Kwenye y ni hivyo hivyo.

Unganisha. Kivuli cha b juu ya a ni x ya b mara x ya a, jumlisha y ya b mara y ya a, yote yakigawanywa kwa urefu wa a. Zidisha kwa urefu wa a ili kupata zao nukta, ule mgawanyo unafutika, na kilichobaki ni kuzidisha na kujumlisha tu. Pembe haikupotea, imo ndani. Jaribu mwenyewe na a = (3, 4), b = (4, 3): 12 + 12 = 24. Urefu wa a ni 5, kwa hiyo kivuli ni 4.8, na 4.8 mara 5 ni 24. Pembe kati yao ni kama nyuzi 16.

Sasa ibadilishe b iwe (30, -10). Zao ni 90 - 40 = 50, zaidi ya mara mbili ya lile la kwanza. Pembe? Nyuzi 71 na nusu hivi! Vekta hizi zinakaribia kupeana pembe mraba, lakini namba imepanda kwa sababu b ni ndefu na kivuli chake, hata kikiwa kimebanwa na pembe, kina urefu wa 10. Ndiyo maana narudia na nitarudia: usilisome jibu la zao nukta kabla hujajua ni urefu wa nani umo ndani yake. Mambo matatu yamebanwa kwenye namba moja, urefu wa a, urefu wa b na pembe. Ukilisoma kana kwamba limebeba pembe peke yake, umejidanganya.

Kitu kimoja unaweza kukisoma bila kugawanya, nacho ni alama. Chanya ni pembe chini ya nyuzi 90, hasi ni juu ya 90, na sifuri kamili ni pembe mraba, mradi hakuna vekta iliyo sifuri yenyewe. Lakini sifuri kamili, nasisitiza, si "karibu na sifuri". Vekta (0.01, 0.01) ikizidishwa na yenyewe inatoa 0.0002. Namba ndogo mno, na bado vekta hiyo na yenyewe zinaelekea upande mmoja bila tofauti yoyote. Nimeona watu wakiandika "jibu likiwa chini ya 0.001 basi zimepeana pembe mraba". Hapana. Geuza mita kuwa sentimita kwenye vekta zote mbili, jibu linakua mara 10,000, na pembe haijasogea hata kidogo. Kwa sababu hiyo hiyo, kile kikomo ulichosema utakiweka, "zaidi ya 10 unahusiana na swali", hakina maana yoyote mpaka urefu utoke.

Simaanishi kwamba urefu ni uchafu wa kuondolewa kila mahali. Kwenye fizikia ndio unaotafutwa: ukivuta mzigo kwa kani ya nyutoni 100 kwa kamba iliyoinuka nyuzi 60, mzigo ukasogea mita 10, kazi iliyofanyika ni 100 × 10 × 0.5, yaani jouli 500. Ondoa urefu hapo na umeondoa kazi yenyewe. Upande wa pili, waliobuni modeli ya transfoma, aina ya modeli ya akili bandia, mwaka 2017 waliona kwamba vijenzi vya vekta, yaani namba zilizomo ndani yake, vikiwa vingi mazao nukta yanakuwa makubwa kupita kiasi, wakaamua kuyagawanya kwa kipeuo cha pili cha idadi ya vijenzi. Vekta zao zilikuwa na vijenzi 64, kwa hiyo waligawanya kwa 8. Hawakuuondoa urefu wote, waliupunguza makali, na walijua kwa nini wanafanya hivyo. Wewe kwenye utafutaji wa nyaraka hujaamua chochote, umeuacha tu uingie.

Na dawa ya shida yako ipo siku nyingi. Gerard Salton, mtafiti wa utafutaji wa nyaraka kwa kompyuta, na wenzake walikuwa wakiwakilisha nyaraka kwa vekta na kuzilinganisha kwa kosaini tangu enzi ambazo kompyuta zilijaza chumba. Gawanya kila vekta ya waraka kwa urefu wake siku unayoihifadhi, mara moja tu. Vekta ya swali nayo igawanye inapoingia. Baada ya hapo zao nukta ndilo kosaini yenyewe, na programu yako itaendelea kuzidisha na kujumlisha kwa kasi ile ile. Waraka mtupu, wenye urefu sifuri, uweke kando kabla hujagawanya, la sivyo utapata takataka. Kuhakiki ni rahisi: zidisha kila vekta na yenyewe, jibu lazima liwe 1, ukiacha makosa madogo ya kompyuta huko mbali nyuma ya nukta. Likitoka 0.83 au 1.6, kuna mahali umesahau kugawanya.

Fanya hivyo leo, kabla hujaongeza nyaraka nyingine. Halafu kabla ya kugawanya, hesabu urefu wa vekta ndefu kuliko zote uliyonayo na ule wa fupi kuliko zote, uziweke hizo namba mbili hapa tuzione.