Mwalimu Ajibu: Programu ya Mizani Imegoma Ghalani

*Shikamoo mwalimu. Nimeandika programu ya C inayosoma mizani ya korosho na kuchapa risiti ya mkulima. Kwenye laptopu inakwenda vizuri. Nilipoihamishia kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya chama chetu cha msingi, ikagoma na kuandika "Exec format error". Nikanakili folda nzima kule, nikaandika make (amri ya kujenga programu), ikajibu kwamba hakuna kipya cha kujenga. Msimu unafunguliwa Oktoba. Nimekosea wapi?*
Msomaji, Newala

Marahaba mwanangu. Laptopu yako, kama nyingi zinazouzwa hapa Mtwara mjini, bila shaka ni ya prosesa za jamii ya x86-64, yaani Intel au AMD. Raspberry Pi ni ARM, jamii iliyozaliwa Cambridge, Uingereza, mwaka 1985, na ndiyo iliyomo hata kwenye simu yako. Amri za hii, ile haizielewi. Kila programu iliyojengwa kwa Linux hubeba kichwani namba ya prosesa yake: 62 ni x86-64, 183 ni ARM ya biti 64, 40 ni ARM ya biti 32. Pi ilisoma 62 ikakataa. Andika `file mizani` utajionea.

Make nayo hutazama saa ya faili tu, prosesa haiijui. Ilikuta mizani iliyojengwa ni mpya kuliko mizani.c, ikatulia. Kwa hiyo kila prosesa ipe folda yake, na Makefile (faili la maelekezo ya make) iulize programu inakwenda wapi, isikisie kutokana na mashine uliyokalia:

```
LENGO ?= x86_64-linux-gnu
CC = $(LENGO)-gcc
FOLDA = jenga/$(LENGO)

$(FOLDA)/%.o: %.c
	mkdir -p $(FOLDA)
	$(CC) $(CFLAGS) -c $< -o $@
```

Mstari wa kuunganisha uandike vivyo hivyo. Kama unatumia Debian au Ubuntu, sakinisha gcc-aarch64-linux-gnu, kisha `make LENGO=aarch64-linux-gnu`. Unajengea Newala kwenye laptopu, unapeleka faili moja tu ghalani.

Kabla ya hapo, kwenye Pi andika `dpkg --print-architecture`. Ikijibu arm64, endelea. Ikijibu armhf, mfumo ni wa biti 32 na lengo lako ni arm-linux-gnueabihf. Usitegemee `uname -m` peke yake, maana yenyewe inazungumzia kerneli, yaani kiini cha mfumo. Mimi niliitegemea, nikasafiri hadi Tandahimba na faili la biti 64, kumbe kerneli ni ya 64 na mfumo uliobaki ni wa 32. Mashine ikaniambia faili halipo, na mimi naliona kwa macho yangu! Kilichokosekana ni kipakiaji cha biti 64 (programu inayoanzisha nyingine), si faili langu.

Sasa nisikilize vizuri, maana programu ikishajengeka bado hujamaliza. Je, uzito wa gunia tupu unautoa vipi? Niliwahi kuitwa kwenye ghala ambako mwandishi wa programu aliweka hivi:

```
char gunia = -1;
uzito = uzito + gunia;
```

Kwenye laptopu, gunia la kilo 80 lilitoka 79. Kwenye Pi lilitoka 335. Kwa kawaida char, aina ya namba ya baiti moja, kwenye Linux ya x86 hukubali namba hasi. Kwenye Linux ya ARM haikubali, hivyo -1 inageuka 255. Siku ile kosa lilikuwa kubwa kiasi kwamba kila mtu aliliona. Lingekuwa dogo, lingelipwa. Na mkulima ambaye amekwishapunjwa na kangomba (ununuzi haramu wa korosho) miaka nenda miaka rudi hana sababu ya kutuamini tukimwambia ni prosesa. Badilisha iwe int, au int8_t kutoka stdint.h. Lipo pia chaguo la -fsigned-char, linalolazimisha char ikubali hasi, lakini mimi silipendi: siku mtu akijenga bila hilo chaguo, tatizo linarudi.

Jaribu nyumbani kwanza kwa `qemu-aarch64 -L /usr/aarch64-linux-gnu` ikifuatiwa na jina la programu; itaendesha faili la ARM juu ya laptopu yako. Ukifika ghalani, pandisha mzani mfuko wa saruji wa kilo 50 kabla ya gunia la mtu yeyote.

*Mwalimu, programu yangu ya Android inaingia kwenye simu yangu mpya, lakini simu ya zamani ya mama inasema haiwezi kusakinishwa.*
Msomaji, Lindi mjini

Tazama abiFilters, orodha ya prosesa ambazo programu inazihudumia, ndani ya build.gradle. Nadhani umeweka arm64-v8a pekee, na simu ya mama ni ya biti 32. Ongeza armeabi-v7a. Google Play inadai toleo la biti 64 tangu Agosti 2019, ila haikukatazi kubeba na la 32. Ukipeleka kama App Bundle, kila simu itapakua sehemu yake tu, na bando la mama halitaliwa na maktaba za prosesa asiyo nayo. Kama programu yako haina maktaba za C kabisa, basi angalia minSdk: huenda umeweka toleo la Android ambalo simu yake haijafika.