Kumbe Tun Tun ndiye aliyekuwa akimliza mama

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa: "Ni mchekeshaji gani wa filamu aliyekuvunja mbavu utotoni, na leo unamwonaje?" Nadhani wengi watawaandikia King Majuto, na haki yake. Mimi wangu ni mwanamke, tena Mhindi, na jibu langu ni refu kidogo kwa sababu ilinichukua zaidi ya miaka 40 kumjua ni nani.

Tun Tun. Waliokulia Mjini Unguja enzi za sinema hawahitaji maelezo. Kwa vijana niseme hivi: alikuwa bibi mnene, wa duara kila upande, mwenye macho ya kuzungusha, ambaye akitokea tu kwenye pazia la Majestic pale Vuga, kabla hajafungua kinywa, ukumbi mzima ulikuwa umeshalipuka. Kihindi hatukukijua na wala hatukukihitaji. Hakukaa sana. Dakika mbili tatu, anamfokea mume, anamtamani kijana asiyemtaka, anakalia kiti kinalalamika, kisha keshaondoka na filamu inarudi kwenye machozi yake. Wanaume aliopangiwa nao walikuwa vijibwana vya kupeperushwa na upepo, na Mukri, yule mfupi, ndiye aliyetumaliza kabisa. Mama yangu alikuwa akinichukua kwenye maonyesho ya wanawake pekee, nami hadi leo nawaona wale mabibi wameziba midomo kwa pembe za kanga, mabega yanatikisika.

Hiyo ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ilikuwa nyumbani kwetu, kwenye cherehani.

Mama alikuwa mshonaji. Kuna wimbo mmoja alikuwa akiuimba kila anapokata kitambaa, polepole, na mara nyingine akiufikia mwisho anajifuta macho. "Afsana likh rahi hoon." Maana yake hakuijua neno kwa neno, alijua tu ni mtu anayeandika kisa cha moyo usiotulia, anamngoja mwenzake. Sisi watu wa taarabu nyimbo za Kihindi tulikuwa tukizichukua na kuzivisha maneno yetu, lakini huu mama hakutaka uguswe. Santuri yake ilikwisha kukwaruzika hata ikawa inaruka mahali pamoja, na mama naye kwa mazoea akawa anauimba kwa kuruka mahali hapo hapo. Ukimuuliza nani kaimba, atakwambia: Uma Devi. Basi. Uma Devi kwetu lilikuwa jina kama la malaika, halina sura.

Miaka michache nyuma mjukuu wangu alinitafutia wimbo ule kwenye simu. Ukaimbwa, nikakaa kimya, mama yuko mbele yangu na mkasi. Halafu ikatokea picha ya mwimbaji. Nikamwambia mtoto, umekosea, huyu ni Tun Tun. Akanisomea: Uma Devi Khatri, aliyejulikana baadaye kwa jina la Tun Tun. Nilimbishia nusu saa nzima. Alikuwa hajakosea.

Tangu hapo nimekuwa nikimfuatilia kama mtu anayemtafuta ndugu aliyepotea, na niliyoyapata ni haya. Alizaliwa tarehe 11 Julai 1923, kijijini karibu na Amroha, kaskazini mwa India. Wazazi walimfia angali mdogo kiasi cha kutozikumbuka hata sura zao. Kaka yake naye akauawa. Inasimuliwa kuwa chanzo cha yote ni ugomvi wa ardhi. Jamaa wakamchukua, lakini kulelewa kwake kulikuwa kwa jina tu, maana alifanya kazi za nyumba za watu ili apate kula. Muziki hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa kusikia.

Alipokuwa msichana wa miaka 20 na kitu, akatoroka peke yake mpaka Bombay. Fikirieni wenyewe, mwanamke wa kijijini, yatima, hana anayemjua. Akamwendea Naushad Ali, aliyekuwa mmoja wa watunzi wakubwa wa muziki wa filamu, akamwambia anajua kuimba, na asipompa nafasi atakwenda kujitupa baharini. Hii ni hadithi iliyosimuliwa mara nyingi, na kila nikiisikia nacheka kwanza halafu nanyamaza. Naushad akamsikiliza. Mwaka 1947 ikatoka filamu ya Dard, muziki wa Naushad, maneno ya Shakeel Badayuni, na ndani yake "Afsana". Ukavuma India nzima, ukavuka maji hadi kwenye cherehani ya mama.

Hapa nawaomba msome taratibu, maana ndipo penye jibu langu. Katika sinema ya Kihindi anayeimba siye anayeonekana. Sauti ya Uma Devi iliwekwa kinywani mwa Munawwar Sultana, mrembo wa filamu ile, naye Uma Devi mwenyewe akabaki nyuma ya ukuta wa studio. Hakuna aliyeuona mwili wake, na hakuna aliyeucheka. Aliimba kwenye Anokhi Ada mwaka 1948, akaimba nyimbo kadhaa za Chandralekha, ile filamu kubwa ya studio ya Gemini ya Madras, mwaka huo huo. Kisha mambo yakageuka. Inaelezwa kuwa kazi ile ya Gemini ilimletea mzozo wa mkataba na kampuni ya filamu ya Kardar, iliyomwinua kwa Dard. Na mwaka 1949 ukawa ndio mwaka wa Lata Mangeshkar, mwenye sauti nyembamba inayopanda popote anapotaka. Sauti ya Uma Devi ilikuwa ya kizamani, nzito kidogo, haipandi sana. Simu zikaacha kulia.

Naushad ndiye aliyemwambia: wewe una ucheshi, kwa nini usiigize? Akajibu kuwa ataigiza kwa sharti moja tu, acheze na Dilip Kumar, yaani nyota kuliko nyota zote. (Mwanamke huyu alijua kuweka masharti, tumpe sifa hiyo.) Akapata. Filamu ikaitwa Babul, mwaka 1950, yumo Dilip Kumar na Nargis. Na inasemekana Dilip Kumar mwenyewe ndiye aliyembandika jina la Tun Tun kwa mzaha. Jina likaganda.

Basi oneni. Kwanza waliichukua sauti wakauficha mwili. Halafu wakauchukua mwili, wakaizima sauti. Sinema ile haikuwahi kumtaka mtu mzima mzima.

Lakini sitaki kumfanya wa kuhurumiwa tu, kwa sababu nimezirudia filamu zake na nimeona kitu nisichokiona utotoni. Yule mama alikuwa fundi. Guru Dutt, mwongozaji mashuhuri wa filamu, hakuwa mtu wa kuchukua watu ovyo, naye alimweka kwenye Aar Paar, Mr. & Mrs. '55 na hata Pyaasa, filamu ya huzuni kubwa. Mtazameni anavyosubiri. Mwenzake anasema neno, yeye haruki kulijibu. Anapumua, jicho linazunguka, kisha ndipo anatoa. Huo ni mwendo wa mwimbaji anayejua mdundo unaangukia wapi. Waigizaji wanene walikuwapo wengi na hawachekeshi. Yeye hata akipita tu barazani unajua kuna jambo. Nadhani sauti hawakuizima yote. Aliificha kwenye miguu.

Alicheza filamu karibu 200, kutoka enzi za Dilip Kumar mpaka za Amitabh Bachchan kwenye Namak Halaal ya 1982. Katika zote nilizoziona sijamkuta hata mara moja akiwa mhusika mkuu. Alifariki Mumbai tarehe 24 Novemba 2003, akiwa na umri wa miaka 80. Kule kwao jina lake lilikwisha kuwa neno la kumwitia mwanamke yeyote mnene. Na siyo kwao tu. Chuoni kwetu kulikuwa na msichana aliyejaa mwili, tukamwita Tun Tun. Mimi ndiye niliyeanza. Alicheka nasi siku ya kwanza na ya pili, halafu akawa anakaa nyuma kabisa karibu na mlango, ili darasa likiisha atangulie kutoka. Alikuwa na sauti nzuri ya kusoma Qur'ani, kuliko sisi sote. Hilo nalikumbuka sasa, zamani sikulitilia maanani.

Mnauliza leo namwonaje. Simwoni tena, namsikia. Akitokea kwenye filamu ya zamani nafumba macho nikijaribu kuitafuta sauti ya "Afsana" chini ya zile kelele anazomfokea mumewe, na wakati mwingine, kwenye neno moja la mwisho, naipata.

Mama alifariki 1998. Alimcheka Tun Tun mpaka kanga ikamdondoka, akarudi nyumbani akakaa kwenye cherehani na kumlilia Uma Devi. Hakuna aliyewahi kumwambia.

Msomaji wenu, Vikokotoni, Unguja