Mac na Linux nazo zinashikwa

Hapana kaka, hiyo ya kusema eti ukihama Windows ukaenda Mac au Linux basi virusi umeshaagana navyo sio kweli kabisa. Windows ndo inashambuliwa zaidi kwasababu imejaa kila mahali, hapo uko sahihi. Lakini 2012 Mac zaidi ya 600,000 zilinaswa na programu hasidi ya Flashback, ilipitia tundu la usalama kwenye programu ya Java, unafungua tu tovuti iliyochezewa imeshaingia. Na programu hasidi nyingine, Mirai ya 2016, je? Ile ilikula Linux, ila sio laptopu, ni ruta na kamera za ulinzi ambazo watu walifunga wakaacha paswedi ya kiwandani, ikazigeuza jeshi na Oktoba mwaka huo zikaipiga kwa maombi mengi kupita kiasi kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikielekeza kompyuta za watu kwenye tovuti, mpaka Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu wengi Marekani. Kinachoniuma ni kwamba mwenye kamera hajui kitu, picha anaona kama kawaida. Mirai inakaa kwenye memori tu, ukizima na kuwasha inatoka, ila usipobadili paswedi inaweza kurudi ndani ya dakika chache. Ingia kwenye ruta yako leo leo, kama jina na paswedi bado ni admin/admin badilisha.