Mjane na waliomuua mumewe

Dada, umeuliza Elisabeth Elliot aliwezaje kwenda kuishi na Wawaorani wa Ekwado, watu waliomuua mumewe Jim kwa mikuki pamoja na wamisionari wenzake wanne, kando ya mto Curaray, tarehe 8 Januari 1956. Imani ilimbeba, hilo halina ubishi. Ila wengi humsahau Dayuma, binti wa Kiwaorani aliyekuwa amekimbia kwao kwa sababu ya mauaji ya kulipizana kisasi. Yeye ndiye aliyemfundisha mmisionari Rachel Saint lugha ya Wawaorani, akarudi kijijini kwanza, kisha akawaita. Oktoba 1958 wakaingia: Rachel, ambaye kaka yake Nate ndiye aliyekuwa rubani wa wale watano, na Elisabeth na bintiye Valerie wa miaka mitatu. Hebu fikiria mtoto yule akicheza kwa wanaume waliomfanya yatima!

Kinachonitoa machozi zaidi ni cha mwaka 1965. Watoto wa Nate, Kathy na Steve, walibatizwa katika maji ya mto uleule. Waliowazamisha ni Kimo na Dyuwi, nao walikuwemo katika kundi lililowaua wale watano. Mikono ileile, dada.

Na tusiseme Wawaorani walisamehewa tu. Nao walikuwa na ya kusamehe: mwaka 1969 polio iliwaua na kuwalemaza wengi wao, ugonjwa wasioujua kabla ya wageni kuja. Mincaye, mmoja wa wauaji, watoto wa Steve walimwita babu mpaka alipofariki mwaka 2020.